Shangazi Kibubu Anajibu

Shikamoo Shangazi. Mume wangu anapita chumba hadi chumba akizima taa. Juzi tumekula dagaa gizani, mtoto akamng'ata mwenzake kidole. Ukimuuliza, anasema anabana LUKU. Mwenyewe kila alfajiri anachemsha maji ya kuoga kwa ile hita ya kuchovya kwenye ndoo.
Mama wa Gizani, Tabata

Marahaba mwanangu. Mumeo anafukuza panya huku ng'ombe yumo shambani. Taa ya LED ya wati 9 hukaa zaidi ya saa 110 ndipo imalize uniti moja. Ndoo ya lita 20, kuitoa kwenye ubaridi wa bombani mpaka iwe vuguvugu, inakula karibu nusu uniti. Kwa kuoga kwake mara moja, mngewasha taa ya sebuleni jioni kumi, na mtoto angebaki na kidole chake.

Sasa piga hesabu ya mwezi: ndoo zake ni uniti kama 14. Ikiwa mko kwenye bei ya wanaotumia kidogo, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na makato, lakini mwisho ni uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo, kila uniti inayozidi ni 350. Kama ninyi wengine mnatumia 70, anayewavusha ni yeye, tena akiwa na sabuni mwilini.

Mwambie ajaze ndoo saa sita mchana, aifunike, aianike uani. Jua la Dar halina mita. Aoge jioni. Pasi nayo, nguo za wiki nzima zinyoshwe siku moja, maana kila mkiiwasha kwa shati moja mnalipia kuipasha upya. Ile shilingi 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi msimlaumu nayo. Hiyo haina swichi.

Shangazi, nimeacha supu ya asubuhi miezi kadhaa sasa ili ninunue pikipiki. Nimekonda, na hela siioni.
Dereva Mtarajiwa, Mbagala

Hela ya supu ilibaki kwenye simu, na kwenye simu ndiko unakosukia mikeka. Usinibishie, mwandiko wako unatetemeka kama wa mtu aliyekosa goli moja tu. Kunywa supu yako, mwanangu. Kisha ingia mchezo wa kila wiki na umchague kijumbe mkali, yule mama asiye na aibu ya kukudai msibani mbele ya jeneza. Benki haitakufuata msibani.

Shangazi, dada yangu anasema mimi ni mjinga kwa kununua mkaa wa kopo na mafuta ya kupima kwa Mangi. Yeye ananunua gunia na dumu.
Mpangaji, Manzese

Kwa hesabu dada yako yuko sahihi: kopo kwa kopo, gunia unalilipa na zaidi. Ila mwenye hela ya leo tu hanunui gunia, na huo si ujinga. Tafuta majirani wawili, mchange gunia moja, mgawane kwa ndoo ileile mbele ya macho ya wote watatu, siku hiyohiyo, kabla mmoja hajapata mgeni. Maharage loweka usiku. Asubuhi mwaga hayo maji, bandika kwa maji mapya, ufunike sufuria. Mkaa utaona unavyobaki.

Mafuta, hapo nakutetea. Mwenye dumu humimina kwa mkono wa harusi, chapati zinaogelea. Wewe na kikombe chako cha Mangi mnajua tone linakokwenda. Hata ukija kununua dumu, endelea kupimia kikombe. Na dada yako umuombe akukopeshe ya gunia, tuone kama ushauri wake una mtaji.

Shangazi, kuna semina ya kujifunza kuweka akiba, kiingilio shilingi 30,000. Nikope?
Mwenye Nia, Ubungo

Usikope. Kama umeshalipa, wahi, vitafunwa huisha kabla ya mada ya kwanza.