Nilipitwa na Gunia la Makala

Nyumba yetu iko juu ya kilima, lakini kilima chenyewe nilikuwa sijawahi kukiona. Asubuhi nashuka kwa pikipiki, jioni napanda kwa pikipiki, na abiria wa nyuma haoni kitu zaidi ya mgongo wa dereva. Basi zilipotangazwa mbio za mtaani, kilomita kumi za kuzunguka mjini, kupanda hadi kwetu na kushuka tena uwanjani, nililipa kiingilio kwa madaha. Njia si ninaijua?

Jina la kilima sitalitaja, maana kila mtaa wa Likasi una chake na kila mtaa utadai chake ndicho kibaya zaidi. Wa kulaumiwa ni shaba. Miamba iliyobeba madini hapa Katanga mara nyingi ni migumu kuliko ile inayoizunguka. Mvua za miaka isiyohesabika zimekula udongo wa pembeni, yenyewe ikabaki imesimama. Na penye shaba nyingi miti mingi hukataa kuota, kwa hiyo vilima vya namna hiyo vina upara unaoonekana kutoka mbali. Upara huo ulikuwa alama kwa watafuta madini. Mkimbiaji wa saa nne asubuhi anaona jambo moja tu: hakuna kivuli.

Mbelgiji naye alipojenga mji katikati ya miinuko hii aliuita Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa reli ya kutoka Beijing hadi Hankou kule China. Mji wa vilima kupewa jina la mtu wa reli! Hakuna kitu treni inachokichukia kama kupanda. Ningekuwa Jadot ningewaandikia barua.

Kilomita za mwanzo hazina habari. Nilikimbia vizuri, watu walipiga makofi, muuza mikate wetu aliniita jina langu lote mbele za watu. Nilijiona Kipchoge. Lakini Kipchoge, alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alichaguliwa barabara ya bustani ya Prater, ambayo tofauti ya juu na chini katika mzunguko wake ni kama mita 2.4. Kwetu kuna mitaro ya maji ya mvua inayokaribia kina hicho.

Lami ikaisha, kilima kikaanza.

Hatua za kwanza nilizipiga kwa kiburi. Zilizofuata nilizipiga kwa sababu watu walikuwa wanatazama, maana kilima wakati wa mbio ni sinema: kwenye tambarare unapita tu, kwenye mwinuko watu wana muda wa kutoa viti nje. Watoto walianza kunisindikiza, wakitembea. Mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, "Papa, uko unakimbia ao uko unatembea?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu, na kusema kweli nilikuwa sijaamua.

Sayansi iko upande wangu. Mwaka 2002 mtafiti Alberto Minetti na wenzake waliwapandisha wakimbiaji wa milimani kwenye mashine, wakapima nguvu wanazotumia. Kwenye mwinuko wa asilimia 45, kila mita ilidai zaidi ya mara tano ya nguvu ya mita ya tambarare. Hata mabingwa wa mbio za milimani, njia ikisimama sana, huweka mikono mapajani na kutembea. Kwa hiyo nami nilipotembea, nilitembea kitaalamu. Umbali mfupi kutoka hapa ni Shinkolobwe, palipochimbwa urani ya bomu la atomiki lililoibadilisha dunia mwaka 1945. Nguvu yote ile ilitoka kwenye ardhi hii hii, na magoti yangu hayakuachiwa hata gramu.

Mama mmoja akanipita. Beseni la sombe kichwani, mtoto mgongoni, simu sikioni. Alikuwa anabishana na mtu kuhusu bei ya mafuta ya mawese, na kwa kunipita hakupoteza hata neno moja la ubishi wake.

Halafu nyuma yangu nikasikia chuma kinalia. "Papa, njia!" Alikuwa kijana wa makala, hao wanaotoka porini kabla jua halijachomoza na magunia ya makaa ya kupikia yamefungwa juu ya baiskeli hadi baiskeli haionekani. Anaisukuma kwa bega. Viatu vyake vilikuwa kandambili. Vyangu nilivinunua kwa ajili ya mbio, na vilikuwa na rangi ambazo sasa zilinitia aibu.

"Usiangalie juu, Papa," akanishauri aliponifikia. "Angalia gurudumu."

Gurudumu sikuwa nalo, nikaangalia la kwake. Ndivyo nilivyofika kileleni, pua yangu ikiwa karibu na gunia, mshiriki mwenye namba kifuani anavutwa na mtu asiyejua kama kuna mashindano.

Kwenye mteremko alipanda juu ya mzigo wake, akaweka kandambili kwenye tairi la nyuma iwe breki, akapotea. Mimi mapaja yalitetemeka hadi chini.

Uwanjani nilimkuta ameshika chupa ya maji ya washiriki. Walikuwa wamempigia makofi, na gunia moja alishaliuza kwa mwamuzi. Limebaki moja. Nyumbani makala yalikuwa yameisha tangu jana na nilishakumbushwa mara mbili, kwa hiyo tukapatana bei.

"Nikufikishie wapi, Papa?"

Nikamwonyesha kule juu.

Akakiangalia kilima, akaniangalia mimi, akaiangalia baiskeli.

"Bon," akasema. "Mimi nitashika usukani. Weye utasukuma nyuma."