Korongo Aliyeiona Bahari

Ijumaa ya Mei 3, 2024, Korongo wa Dandora, Nairobi, aliruka kutoka jalalani, akatua juu ya mlingoti wa taa za mulika mwizi, akanyoosha shingo upande wa mashariki na kutangaza kwamba anaiona Bahari Hindi. Mombasa ni karibu kilomita 500 kwa lami. Lakini Korongo ana kifuko kikubwa shingoni, na mwenye kifuko haulizwi maswali.

"Kimbunga kinakuja," akasema. "Na kina jina. Kinaitwa Hidaya."

Eastlands nzima ikatetemeka. Mbuzi wa Kariobangi, aliyewahi kula kamusi kuanzia A hadi M na kwa hiyo huhesabiwa msomi, akaeleza kwamba hidaya ni zawadi ya thamani. Paka wa Buruburu akasema zawadi za namna hiyo zipelekwe Kayole, akafunga geti.

Baraza likaitishwa ukingoni mwa mto Mathare. Shule zilizokuwa zifunguliwe Jumatatu zikaahirishwa, siku haikutajwa. Mbuzi akapewa kazi ya kupima upepo kwa ndevu zake. Kila saa watu wakauliza: kimefika wapi? Kiko mbele ya kisiwa cha Mafia. Na sasa? Bado kiko mbele ya Mafia.

Chura akainua mkono. "Mzee, maji yamenifika tumboni."

"Maji ya bahari?" Korongo akauliza.

"Ya mto."

"Mto huo umepewa jina la kimbunga?"

"Hapana, Mzee. Ni mto tu."

"Basi kaa chini. Ajenda ni upepo."

Chura hakuweza kukaa; maji yalikuwa yamekwisha kuchukua kiti. Wala hakuwa analeta habari mpya. Siku chache tu nyuma, mwezi wa Aprili, mto huohuo uliingia vyumbani usiku bila kubisha hodi, ukabeba sufuria, magodoro na majirani. Majirani hao hawakutajwa barazani, kwa kuwa hawakuwapo kuinua mkono.

Jumamosi wakakesha. Ikaja habari kwamba Hidaya kimefika Mafia na kuishiwa nguvu. (Huko kusini, Tanzania, barabara ya Lindi ilikatika, wenzetu hawakuwa na nafasi ya baraza.) Mathare wakapiga makofi. Korongo akawashukuru wananchi kwa utulivu wao, kwa sauti ya mtu aliyekipuliza kimbunga mwenyewe kikageuka.

Makofi hayajaisha, ukasikika mngurumo. Ulitokea upande wa barabarani, na ulikuwa wa rangi ya manjano.

"Tingatinga," Korongo akafafanua. "Kila shimo lililo ndani ya mita 30 kutoka mtoni liondoke. Ni kwa usalama wenu."

Mama Panya akatoka na watoto saba mgongoni. "Mzee, hizi mita hukuziona siku zile ulipokuwa unapita kila mwisho wa mwezi kuchukua kichwa cha samaki?"

"Mama, usilete siasa. Kila kaya itapewa shilingi 10,000. Andikisha jina na namba ya shimo."

Mama Panya akageuka kuitazama namba. Ilikuwa imeandikwa kwa chaki juu ya mlango, na mlango ulikuwa chini ya mabati, na mabati chini ya gurudumu.

Chura, aliyebaki peke yake majini, akapaza sauti kuuliza kama hili la manjano nalo limepewa jina. Lakini Korongo alikuwa amerudi juu ya mulika mwizi, shingo imenyooka, macho Mombasa.