Singo au Dabo?

Ukialikwa harusini Dar es Salaam kwenye joto la Desemba, taarifa muhimu hutaikuta kwenye kadi ya mwaliko. Ilitangulia miezi kadhaa, kwenye kadi ya mchango, ile yenye namba za simu za mweka hazina na maneno matamu ya "kufanikisha shughuli". Ulichotoa ndicho kitakachoamua kama una mwenza. Ukipungukiwa na kiwango cha kamati, kadi yako ni singo, hata kama ndoa yenu ina miaka 20 na wajukuu wawili. Mlangoni yupo kijana wa kuskani kadi, na jioni hiyo hana undugu na mtu.

Muda ni saa 12 kamili. Wanaouamini ni wapambaji peke yao, nao bado wanafunga vitambaa kwenye viti. Maharusi wako ufukweni wanapigwa picha, kisha wana miadi na foleni. Kwa hiyo kula nyumbani kabla ya kutoka. Pilau hufunuliwa baada ya keki, shampeni, na utambulisho wa ukoo mzima hadi shangazi aliyetoka Bukoba kwa basi, huku MC akikumbusha kila dakika kwamba muda hauko upande wetu. Yeye ndiye anayejua umekwenda wapi.

Zawadi hupelekwa kwa kucheza. Mbeba friji avae viatu vya chini.

Na sendofu? Hiyo ina kamati yake, na mweka hazina wake tayari ana namba yako.