Muulize Mzee Ulimbo

Mzee, kaka yangu aliyepelekwa Marekani ametuma matunda ya mti uitwao likwidamba: ya duara, yamejaa miiba. Anasema utomvu wake unanukia, na watu wa huko zamani waliutafuna. Nataka kuufanya biashara. Niyafukie kina gani? – Tajiri Mtarajiwa, Lurujo

Tajiri, weka jembe chini. Ulichotumiwa ni nyumba zilizohamwa. Kila tundu lilikuwa mlango wa mbegu yenye kibawa, na mara nyingi tunda likianguka mbegu zimekwisha kuruka na upepo. Yagonge juu ya karatasi nyeupe. Vumbi la kahawia kama la msumeno ni mbegu zisizokomaa, liache. Ukibahatika kupata zenye kibawa, zinataka kwanza kulala wiki kadhaa penye unyevu na baridi, kama zinavyolala kwao wakati theluji ikianguka. Koboko nzima baridi hiyo iko ndani ya friji ya muuza soda, na sioni akikupa nafasi bure.

Halafu utomvu wenyewe hautoki kama maji ya bomba. Lazima gome lijeruhiwe, mti uanze kujitibu. Waturuki wana ndugu yake mti huo; wao ndio wamezoea kuukwangua kwa ajili ya manukato. Wewe ukitaka ubani, uliza habari za mti wa mwafu hapahapa Uganda. Utomvu wake huchomwa ukafukiza, na matunda yake ya zambarau hulowekwa kwenye maji ya moto kiasi yakalainika. Yakichemshwa huwa magumu, usinilaumu.

Mzee, mkaratusi wangu unatoka damu. Mama mkwe anasema nimerogwa. – Mwenye Hofu, Arua

Mkaratusi ukiumia hutoa utomvu mwekundu, ndiyo tabia yake. Tazama shinani: kuna tundu la mdudu, au alama ya kamba ya mbuzi? Kama ni kamba, uliza kwa adabu mbuzi ni wa nani. Nina wasiwasi ni wa mama mkwe.

Mzee, mwanangu ametega ndege kwa ulimbo wa fenesi, sasa nywele zake zimegandamana. Nimemwaga maji ndoo nzima. – Mama wa Mtegaji

Maji hayaujui ulimbo, mama. Paka mafuta ya kula, sugua polepole, kisha sabuni. Na kama ndege alipatikana, mafuta yatakayobaki yatamtosha kikaangoni.