Karavani ya Shemeji

Wengine wakirudi kutoka Uingereza hushusha bandarini friji na masofa. Shemeji yangu alishusha nyumba. Ilikuwa karavani nyeupe yenye vitanda, jiko la gesi na choo ambacho mama mkwe alikichungulia, akauliza kama ni cha watoto. Tukatangaziwa kwamba ni biashara: watalii watalala humo, Mikumi leo, Iringa kesho. Kwa kuanzia ikawekwa uani kwake Mbweni, kuku wakitagia chini ya ekseli.

Sifa moja naipa bila kinyongo. Waingereza huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango wa karavani yao hufungukia pembeni mwa barabara. Angeinunua Ujerumani, mgeni angeshukia mbele ya lori la mafuta. Sifa nyingine zilikuwa zimeshaliwa na chumvi. Upepo wa Mbweni hula komeo la geti, hula nondo ndani ya zege, sembuse breki za tela lililokaa masika nzima bila kuguswa.

Familia haikujali mpaka Iringa ilipotajwa kwa mara ya pili. Kwa watu wa Dar, safari ya Iringa ni mlima Kitonga. Kwingine kote ni kuangalia dirishani. Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Baba, utashuka Kitonga na hilo banda mgongoni?"

Swali lilikuwa la kihandisi kuliko alivyokusudia. Madereva wa njia ile wana kanuni yao: gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Anayeidharau gia akategemea mguu, breki zinachemka. Gari likitoka spidi 40 kwenda 80, nguvu ya kuizima haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, na yote inageuka joto ndani ya vyuma vya ukubwa wa sahani. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu wa hewani, kiwango kinashuka hadi 155. Na unyevu sisi watu wa pwani hatuagizi nje. Yakichemka yanakuwa mvuke, pedali inazama mpaka sakafuni, na waliomo ndani wanakumbuka dini zao.

Malori makubwa angalau yana breki za upepo, uzao wa zile ambazo Mmarekani George Westinghouse alizipatia hataza mwaka 1869 kwa ajili ya treni. Karavani ya shemeji haina anasa hiyo. Hakuna bomba linalotoka kwenye pedali ya dereva kwenda kwenye magurudumu yake. Gari la mbele likipunguza mwendo, karavani inalisukuma. Shingo yake ya chuma inaingia ndani, inavuta fimbo na kebo, brekishuu zinabana. Yaani haisimami mpaka iwe imekusukuma mgongoni kwanza. Nina ndugu kadhaa wa namna hiyo. Ulaya wanauruhusu mfumo huu mpaka tela la kilo 3,500, na lisilozidi kilo 750 wanaliruhusu likose breki kabisa.

Hii ilikuwa na tani moja na nusu, kabla ya mashuka. Akaitwa fundi. Na mimi nikaitwa kutoka Mbagala nije nisimamie, kwa kuwa niliwahi kubadilisha taa ya gari kwa mikono yangu, jambo lililonipa cheo cha uhandisi katika ukoo. Fundi alifungua dramu, akabandika lining nene za lori alizozikata kwa msumeno, akaweka springi mpya, kebo mpya, akamaliza kwa kuomba waya wa umeme wa mashine ya kuchomelea. "Bosi, kuna kidude kilikuwa kinachezacheza humu. Nimekichomelea. Sasa hakitikisiki."

Tukaenda kujaribu kwenye njia ya mchanga inayoelekea ufukweni. Kwenda mbele, sina la kusema: shemeji alikanyaga, Hilux ikasimama, karavani ikasimama. Akatabasamu kama mtu aliyeshafika Iringa. Ndipo tukafika mwisho wa ukuta, ikabidi kurudi nyuma.

Kile kidude kilichezacheza kwa sababu. Kazi yake ni kulegea gurudumu likizunguka kinyumenyume, brekishuu iachie, kwa maana shingo ya karavani haina macho: ikisukumwa ndani, haijui kama dereva amefunga breki au anarudi nyuma. Baada ya weldingi, ilibana kotekote. Shemeji alizidisha mafuta, magurudumu yakajichimbia kwenye mchanga, Hilux ikanguruma, karavani ikakaa.

Nyuma yetu likafika gari la kunyonya majitaka. Lilikuwa limejaa. Jua lilikuwa la saa saba, na dereva wake, kijana mpole kabisa, alizima injini akasema hana haraka. Sisi tulikuwa nayo. Majirani walifunga madirisha mmoja baada ya mwingine, hata wenye AC.

Aliyetuokoa ni mlinzi wa nyumba ya jirani, mzee aliyewahi kuwa utingo wa malori ya Zambia. Aliizunguka karavani, akainama shingoni, akamwambia shemeji asogee mbele kidogo mpaka shingo itoke yote. Kisha akachomeka kipande cha gogo kwenye ule uwazi, ili shingo isirudi ndani. "Rudi sasa, mwanangu." Ikarudi kama toroli. Ujana wake wote aliweka gogo ili tela lisitembee. Siku ile aliliweka litembee, na hakuona ajabu yoyote.

Fundi tulipompigia alisikiliza mpaka mwisho. "Bosi, mlitaka breki zishike," akasema. "Zimeshika?"

Kidude kimeshakatwa kwa msasa wa umeme, kwa bei ileile ya kukichomelea. Mama mkwe ameridhia safari, si kwa sababu ya breki, bali kwa sharti kwamba mlinzi aende nao. Mzee amekubali, ila anadai posho ya kulala. Shemeji anamwambia karavani ina vitanda. Yeye anasema hajawahi kulala ndani ya kitu anachokiwekea gogo.