Sifa za Ng'ombe Mchafu

Wamesifiwa farasi, wamesifiwa ngamia, hata paka ana wapambe wake. Leo ni zamu ya ng'ombe asiye na nyama wala ngozi, aliyelala ndani ya kiini cha Linux miaka 9 bila kutoa mlio. Jina lake Dirty COW, Ng'ombe Mchafu. Anayo pia namba rasmi, CVE-2016-5195, lakini ng'ombe wa sifa haitwi kwa namba.

Tuanze na adabu. Kuna matundu ya usalama yasiyo na haya: yanaingia kutoka ng'ambo, hata hodi hayabishi. Huyu sivyo. Mtu wa nje hamsaidii kitu. Sharti uwe umeshakaribishwa, una akaunti yako ndogo, umekaa mkekani kama wageni wengine. Ndipo akunong'oneze ulipo ufunguo wa chumba cha mwenye nyumba. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walimsifu kabla hajazaliwa.

Ustadi wake unataka kuelezwa polepole. Kiini cha Linux ni kama karani wa masjala aliye bahili wa karatasi. Watu kumi wakitaka faili moja, wote anawasomesha lilelile halisi. Ukitaka kuchorachora, anakutolea fotokopi uchafue hiyo. Utaratibu huo huitwa copy-on-write, na herufi zake za mwanzo ndizo zilizomzaa ng'ombe wetu.

Sasa mtazame kazini. Unaomba kuandika. Karani anatoa fotokopi, anaweka tiki: suala la nakala limekwisha. Kabla kalamu haijagusa karatasi, mwenzako anaitupa fotokopi kapuni. Karani anageuka, fotokopi haioni, tiki anaiona. Basi anachomoa faili halisi na kuliweka chini ya kalamu yako. Mara nyingi mnapishana na hakuna kinachotokea. Lakini kompyuta haichoki kurudia, na baada ya sekunde chache umejiandika kwenye daftari la watumiaji, cheo: ruti, yaani mwenye nyumba. Hakuna kufuli lililovunjwa. Ni karani tu aliyeharakishwa.

Nasaba nayo si haba. Linus Torvalds mwenyewe, mwasisi wa Linux, aliliona tatizo mwaka 2005 akalitia kiraka. Kiraka kikaleta matata kwenye mashine kubwa za IBM za s390, kikabanduliwa. Kuanzia toleo 2.6.22 la mwaka 2007, ng'ombe akawa anajilia majani kwa raha. Msimbo wa Linux uko wazi, mwenye macho na ausome. Macho yote hayo yakapita kando ya pembe zake. Aliyemfumania, Oktoba 2016, ni Phil Oester, mtu mwenye mazoea ya kuhifadhi kila kinachoingia kwenye seva ya wavuti. Akakuta kuna mtu keshamkamua. Torvalds alipotia kiraka cha pili alikiri kiungwana kwamba kile cha kwanza alikishona vibaya.

Na ukarimu je? Android imejengwa juu ya Linux, kwa hiyo vijana waliotaka kuruti simu zao walimshukuru sana. Wezi nao walimshukuru: mwaka 2017 programu hasidi iitwayo ZNIU ilimtumia kujipa mamlaka ndani ya simu za watu. Sijui mnyama mwingine aliyeombewa dua na pande zote mbili.

Walipomtibu, walidhani yamekwisha. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini: Novemba 2017, ndani ya kiraka chenyewe, likaonekana tundu jingine, nalo likaitwa Huge Dirty COW. Huyo ni ndama mkubwa kuliko mama.

Nawe usisome sifa hizi bure. Fungua mipangilio ya simu yako, tafuta tarehe ya sasisho la usalama. Ukikuta ni ya kabla ya Novemba 2016, mkatie majani; unaye nyumbani.