Gitaa Lililovaa Kopo

Usikimbie. Pikapu ninayoisema si ile inayokatiza Goma imejaa askari. Ni kile kisumaku kilichozungushiwa waya, kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa na kupeleka umbea wake kwenye spika.

Jamaa yetu mmoja wa mtaa wa Birere, hapa Goma, amejitengenezea yake. Sumaku kaing'oa kwenye spika mfu; waya mwembamba kauzungusha kwa mkono mara elfu kadhaa. Hapo nampa heshima zake. Balaa ilianza alipotaka ipendeze, ivae kifuniko king'aacho kama cha dukani. Akachukua kopo la mafuta ya msaada, akalikata, akalikunja juu ya kibao, akagonga pembe taratibu, akalisugua kwa majivu mpaka akauona uso wake humo. Kuivisha pikapu tu, pa! Sumaku ikalidaka kama shangazi aliyemwona mpwa wa mjini. Tangu siku hiyo gitaa linaimba kama lina mafua.

Kopo ni chuma, yaya! Chuma hunywa nguvu ya sumaku kabla nyuzi hazijaonja. Viwandani vifuniko hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, usiovutwa na sumaku. Na sumaku za pikapu za bei kali, zile za alniko, nyingi zina kobalti ndani yake. Kobalti nyingi ya dunia huchimbwa Kongo hii hii. Yenyewe imesafiri. Sisi tumeachiwa kopo, nalo limeandikwa ubavuni kwamba haliuzwi.